Hodi Kilosa

Mke wangu, Mama Mwajuma,

Jumamosi iliyopita mtu mwingine alicheza kwa rangi yako ya njano. Nakuandikia mapema ili habari hii uipate kwangu, kabla Idd hajaja kukuzuru na kukusimulia kwa namna yake. Unamjua shemeji yako, umbea hata makaburini anaufikisha. Na naandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu wapo hapa Mikumi wanaojiuliza ilikuwaje mtu mzima, fundi matairi, akainuka mezani akaenda kusimama kwenye bomba la maji kwa sababu ya mchezo.

Nianzie mbali kidogo. Wewe unayajua haya, lakini hao wengine hawayajui.

Unawakumbuka wale wageni, mume na mke, ambao gari lao lilikufa barabarani wakalala gesti kwetu wakisubiri kipuri kutoka Dar? Mke alikuwa anakula ugali wako kwa uma, na wewe ulikuwa unajificha jikoni ili ucheke. Siku ya kuondoka wakakuachia boksi. Ulidhani ni viatu. Tulipofungua tukakuta ubao wa ramani ya kwao, vipande vya mbao vya kujengea reli vya rangi nne, vichwa vidogo vya treni, na kadi zenye majina ya miji ambayo ulimi wangu mpaka leo haujayaweza. Kulikuwa na kitabu cha maelekezo pia. Nesi Paulina alisema kimeandikwa Kijerumani, Idd akasema Kirusi, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusoma hata mstari mmoja, ubishi ule haukuwa na mwisho.

Mchezo wenyewe tukaugundua kwa kuutazama. Kila mtu ana rangi yake. Anajenga reli kutoka mji mmoja hadi mwingine, na mkononi ameficha kadi zinazomwambia miji ipi aiunganishe. Anayemaliza kadi zake kwanza ameshinda. Hivyo ndivyo tulivyoamua sisi wanne, mimi na wewe, Paulina na Idd, kwenye baraza ya nyuma ya gesti, kila Jumamosi kuanzia baada ya swala ya adhuhuri. Malori yalikuwa yananguruma huko mbele, na sisi nyuma tunajenga reli.

Lakini ile miji ya watu ilikuudhi. Ulisema huwezi kuhangaika kupeleka treni mahali ambapo huna hata ndugu. Ukapika gundi ya unga wa ngano, ukakata karatasi, ukabandika majina yetu juu ya majina yao. Kilosa ukaiweka katikati kabisa, panapokutana njia nyingi, kwa sababu ndiko kwenu. Kimamba ukaisogeza karibu yake. Kuanzia hapo hukujali tena. Mikumi yetu ukaibandika ufukweni, na Dumila ikaangukia kisiwani.

Idd aliumia. Mtu ameendesha lori maisha yake yote, leo anaambiwa Dumila ni kisiwa.

"Shemeji," alikuambia, "mimi Dumila nimelala, nimekula, nimenunua nyanya. Bahari imefika lini?"

"Imefika leo. Vua viatu uvuke."

Hakuvua viatu, lakini alijenga mpaka Dumila siku ile, na kila alipoweka kipande juu ya maji alikuwa anasonya.

Ugomvi wetu wa kwanza wa mezani, wewe na mimi, ulitokea Kilosa. Ulikuwa umeshafika pale na njano zako, na mimi nilikuwa na kadi ya Kidatu, nisingeweza kufika bila kukatiza kituoni kwako. Nikanyoosha mkono nipite. Ukaufunika mji kwa kiganja.

"Unapita kwangu unakwenda wapi?"

"Kidatu."

"Mtu hakatizi uani kwa watu kama kuku, Baba Mwajuma. Piga hodi."

Nilidhani ni utani. Ukaniangalia na lile jicho lako, nikapiga hodi. Tangu siku hiyo ikawa sheria. Hakuna treni inayopita kwenye kituo cha mwenzako bila kupiga hodi, na mwenye kituo lazima akaribishe. Hawezi kukataa, ila anaweza kuchelewa apendavyo. Na hiyo ya kuchelewa uliiongeza wewe mwenyewe, wala hukutuuliza.

Alipita pale mwongoza watalii mmoja aliyewahi kuuona mchezo huo Arusha. Alisimama nyuma yetu akitusikiliza tunavyobishana hodi, mpaka akashindwa kuvumilia. "Mama, mnakosea. Kwenye mchezo huu hakuna hodi." Hata hukuinua uso. Ukamjibu, "Huko kwao labda hakuna. Hapa ni Kilosa." Akacheka, akaomba nafasi, Idd akampisha. Kabla ya magharibi alikuwa anapiga hodi Kimamba kwa sauti mpaka wapishi wako wakatoka kuangalia ni mgeni gani.

Lakini mimi nilijua hodi ile ilitoka wapi.

Ilitoka kwenu, kwenye ule ua wa matete karibu na stesheni ya Kilosa, nilipokuwa bado najifunza ufundi na kila wiki napata sababu ya kuja kuuliza kama baiskeli ya baba yako ina pancha. Nilikuwa nasimama nje na kilo yangu ya sukari, napiga hodi. Sauti yangu ulikuwa unaijua vizuri sana.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Majirani wanasikia. Jua linawaka. Treni ikiwepo stesheni na abiria wamechungulia madirishani, ndiyo kwanza unazidi kuchelewa. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anachoka yeye. Anasema kutoka ndani, "Mkaribisheni huyo mtu, ataungua." Ndipo unasema karibu, na nikiingia nakukuta unapepeta mchele kama vile hujui mimi natoka wapi.

Nikakuoa, nikakuleta Mikumi, tukamlea Mwajuma, tukamwoza, akaenda Dodoma na mumewe. Nilidhani yale yameisha. Kumbe ulikuwa unasubiri mtu akuletee boksi la treni. Nikifika Kilosa na reli zangu nyekundu unaanza upya, wakati huu mbele ya Paulina na Idd.

"Hodi Kilosa."

"Nani?"

"Mumeo."

"Mume wangu yuko gereji. Aliniahidi atanitengenezea bomba la uani, sijamwona."

Watu wanacheka, na treni yangu imesimama pale mpaka niahidi. Bomba la uani lilitengenezwa hivyo. Mlango wa choo, paa la banda la kuku, taa ya chumba namba tatu, vyote nilivitengeneza ili nipite Kilosa. Na nyani alipokwapua kichwa chako cha treni mezani, akakimbilia nacho juu ya mti akidhani ni cha kula, nilikuchongea kingine kwa nati ya tairi la lori, nikakipaka njano. Kilikuwa kizito kuliko vyote. Ulikipenda, ukawa unakigonga mezani kwa fujo, ko, ko, kila ulipofika mji mpya.

Sasa niseme ile Jumamosi ya mwisho, maana wenzetu hawa wasipoijua hawatanielewa.

Ulikuwa huwezi tena kukaa. Ulilala chumbani, dirisha likiwa wazi upande wa baraza, na ukatukataza kabisa kuacha kucheza. Paulina alikushikia kadi zako, anaingia kukuonyesha, anatoka kuweka vipande ulivyomwelekeza. Mtu akipiga hodi kwenye mji wako, unaitikia kupitia dirishani. Sauti ilikuwa imepungua, lakini Idd alikuomba njia mara tatu na mara zote ukamsumbua vizuri tu.

Ikaja zamu yangu. Nikafika Kilosa nikielekea Kidatu, nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mumeo."

Tukatabasamu, tukasubiri bomba gani tena limeharibika. Kisha ukasema, "Ngoja kwanza."

Nikangoja. Paulina akaenda kuchungulia, akarudi kwa vidole vya miguu, akasema umelala, tuache mpaka utakapoamka. Tukafunika ubao kwa shuka, treni yangu ikiwa mlangoni pa Kilosa. Ulipoamka hukuwa na nguvu ya mchezo. Katikati ya wiki tukakupeleka Morogoro, na kutoka Morogoro hukurudi Mikumi. Tulikuzika kwenu, kama ulivyotaka.

Niliporudi sikuifunua ile meza.

Naomba nikwambie jinsi ninavyoishi, kwa sababu Mwajuma akipiga simu namwambia niko salama na yeye anasema alhamdulillah, basi tumemaliza. Ninaamka, nawafungulia wapishi, naenda gereji. Matairi hayaishi, Mungu ni mwema. Mchana nakula palepale na madereva. Tabu ni jioni. Zamani nilikuwa nikifika mlangoni, hata mlango ukiwa wazi, napiga hodi kwa makusudi ili nikusikie. Sasa nakuta kufuli nililoliweka mwenyewe asubuhi. Mtu mwenye ufunguo wa kufuli la nje hana wa kumpigia hodi. Ninaingia, naketi kitandani upande wangu, viatu navivua polepole kwa sababu baada ya hapo sina kazi nyingine. Nina upweke, mke wangu. Sijui njia nyingine ya kulisema hili.

Jumamosi Paulina na Idd waliendelea kuja. Tulikaa watatu kuizunguka meza iliyofunikwa, tunakunywa chai, tunaongea bei ya mpunga na nani kahamishwa. Hakuna aliyegusa shuka. Idd ndiye aliyekuwa anajaribu kuchekesha, akishindwa anakoroga chai ambayo sukari yake imeshayeyuka zamani.

Halafu Paulina akachoka. Alisubiri Idd aondoke, akasema, "Baba Mwajuma, mimi kazini kwangu naona misiba ya kutosha. Siwezi kuja kukaa msibani na Jumamosi pia. Kuna mwalimu mpya hapa shuleni ameupenda mchezo huu nilivyomsimulia. Jumamosi ijayo nakuja naye. Ukikubali tutacheza wanne. Ukikataa, mimi na Idd tutakaa kwa Idd, na wewe utabaki na shuka lako."

Nilikasirika. Nilimwambia rangi ziko nne na ya nne ina mwenyewe. Akasema anajua ina mwenyewe, yeye ndiye aliyekuwa anamshikia kadi. Akachukua mkoba wake akaenda.

Siku ya Alhamisi nikafunga gereji, nikapanda gari mpaka Kilosa. Reli ile ya kutoka kwetu hadi kwenu ipo, unaijua, lakini sikuona treni yoyote ya kunileta, nikaja na barabara na vumbi lake. Nilikutolea salamu, nikang'oa majani, nikakueleza habari yote kama nilivyokuwa nakueleza ukiwa unasuka ukili. Nilikuuliza nifanye nini. Nilikaa mpaka kivuli kikahama. Nilichokipata ni kwamba nilisikia treni inapita upande wa stesheni, nikajikuta nimegeuka kukutazama ili tucheke, na nikaona udongo. Njiani kurudi niliamua. Sikuamua kwa ushujaa. Niliogopa Jumamosi ya mtu mmoja.

Mwalimu anaitwa Kabula. Ni Msukuma, wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga yeye akiwa mdogo, wakahamahama mpaka wakatua huku kwenye mbuga za Kilosa. Alinisalimu shikamoo kwa kupiga goti, nikamwitikia marahaba, na nikamchukia kidogo. Nisamehe, au cheka, utakavyoona. Akakaa kwenye kiti chako kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi.

Nilikuwa na sharti moja. Hatuanzi mchezo mpya. Tunaendelea pale tulipoishia.

Idd akaondoa shuka. Vumbi kidogo lilikuwa limeingia, vinginevyo kila kitu kilikuwa mahali pake, kisiwa cha Dumila na fujo zote. Kadi zako Mwalimu akazipokea kwa Paulina kwa mikono miwili, akazisoma kimoyomoyo, mimi sikuuliza zinasema nini. Akainua kile kichwa cha nati, akakipima mkononi.

"Mbona hiki kizito hivi?"

"Ndivyo kilivyo," nikasema.

Ilikuwa zamu yangu. Ilikuwa zamu yangu tangu ile siku, mke wangu. Nikashika treni yangu nyekundu, nikasema, "Hodi Kilosa."

"Karibu, baba."

Nilikuwa hata sijafunga mdomo. Karibu safi, ya heshima, ya mtu aliyelelewa vizuri. Hakuna aliyeniuliza mimi nani. Hakuna aliyenidai bomba. Njia ikawa wazi mpaka Kidatu, na mimi nikashindwa kusogeza mkono. Nilivumilia miezi yote hii hodi yangu ikiwa haijajibiwa, na kujibiwa ndiko kulikonivunja. Ndipo nikainuka nikaenda uani, nikafungua lile bomba nililolitengeneza kwa ajili ya kupita Kilosa, nikaacha maji yamwagike ili wasinisikie.

Mwalimu akanifuata. Alisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa.

"Baba, samahani. Nimekosea?"

"Hujakosea, mwalimu."

"Nesi ameniambia mama alikuwa anafanyaje. Kama kuna namna yake, nitajifunza. Niwe nauliza nani?"

Nikanawa uso kwanza. Fikiria alikuwa ananipa nini. Kila Jumamosi, kwenye kiti chako, maneno yako. Na najua angeyaweza, ni mwalimu, anaiga vizuri. Kwa dakika moja nilitaka.

"Hapana," nikamwambia. "Hayo yaache. Wewe itikia ulivyofunzwa kwenu."

"Kwetu tumehama sana, baba. Sisi tumepiga hodi mpaka tukachoka, na si wote waliotukaribisha. Siwezi kumsimamisha mtu mlangoni, hata kwa mchezo."

Hapo ile chuki yangu ndogo ikaisha. Nikafunga bomba, tukarudi. Nikapita Kilosa, nikafika Kidatu, na bado sikushinda. Aliyeshinda ni Idd, kwa njia ya Dumila, juu ya maji, na alishangilia mpaka dereva mmoja akaja kuuliza kama timu yetu imefunga goli. Paulina alilia na kucheka kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya khanga, akasema chai imepoa.

Jumamosi hii tunaanza mchezo mpya. Mwalimu amekubali njano, na nimemwonyesha jinsi ya kukigonga kile kichwa mezani. Anakigonga taratibu mno. Nitamwacha.

Walipoondoka nilifunga boksi, nikalipeleka chumbani. Nilikuwa nimeuwekea mlango kufuli kwa mazoea, ingawa nilikuwa nyuma tu hapo. Nikasimama na ufunguo mkononi. Kisha, nitakwambia na wengine wasikie, nikapiga hodi. Nikangoja. Mpishi wako mkubwa alinipita na sufuria, akajifanya hajaona. Nikafungua mwenyewe, nikaingia.

Mke wangu, uliniambia ningoje kwanza. Treni imepita, ilibidi ipite, wenzangu walikuwa wamesimama muda mrefu mno kwa ajili yangu. Lakini mimi mwenyewe bado niko pale nje ya ua wa matete na kilo yangu ya sukari. Lala salama, Mungu akupanulie mahali pako. Na siku nitakapofika, nakuomba kitu kimoja tu. Usiniitikie haraka. Uliza nani. Nikisema mimi, uliza mimi nani, na watu wasikie, na jua liwake.

Ni mimi, mumeo,
Baba Mwajuma